Dodoma: Nilikwenda baraza la madiwani kusikiliza habari ya kichochoro chetu, hakikutajwa kabisa

Mkazi wa Korongoni (mleta uzi)

Wakuu, mbukwenyi.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apitie juu juu. Mtaa wangu sitautaja, wala kata, maana nataka tujadili jambo, sijaja kumchoma mtu. Ni huku pembezoni mwa Jiji la Dodoma, kwenye viwanja vilivyopimwa kwa wingi miaka hii ya serikali kuhamia. Wa huku watajijua.

Kuna kichochoro. Ukishuka daladala pale lami, unahesabu kama hatua mia nne mpaka nyumba ya kwanza yenye taa. Kushoto ni korongo. Kulia kuna viwanja sita havijajengwa na mapagale mawili, moja limeishia kwenye lenta, jingine lina kuta tu na mnyaa umeota sebuleni. Kiangazi unaona mpaka upande wa pili. Mvua zikianza Desemba, kufika Februari majani yako kifuani, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Mwezi wa pili jirani yangu, mama anayeuza vitumbua kwa madereva na wasafiri, alikabwa saa kumi na moja alfajiri. Walikuwa wawili, walichomoka kwenye lile pagale la lenta. Wakachukua simu na pochi ya chenji. Nilipofika nilimkuta amepiga magoti, anaokota vitumbua kwenye mchanga, anavipuliza kimoja kimoja na kuvirudisha kwenye beseni. Nikamwambia, mama acha, havifai tena hivyo. Akanijibu, "Najua baba, nahesabu hasara." Vilikuwa arobaini na tatu. Kandambili moja tuliipata, nyingine mpaka leo.

Ukaitishwa mkutano wa mtaa. Mtaa una kaya zaidi ya mia tatu, tulifika watu kumi na tisa, na humo watatu ni watoto waliotumwa na wazazi wao "mkakae msikilize". Tuliongea mpaka jua likazama. Taa, majani, mapagale, ulinzi shirikishi, kila kitu. Tukatawanyika roho zimetulia kwamba tumeshasema.

Robo iliyofuata nikasikia kuna baraza la madiwani. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda. Wengi hawajui kuwa mikutano ya baraza ni ya wazi, mwananchi anaingia, anakaa viti vya nyuma na kufunga mdomo. Meya na joho lake, mkurugenzi pembeni ndiye katibu, wakuu wa idara wamejipanga, kila diwani na kabrasha zito mbele yake. Jiji hili lina kata 41, kwa hiyo siku ya taarifa za kata uende umeshiba. Nilisikia matundu ya vyoo vya shule, zahanati iliyokwama kwenye kupaua, magari ya taka, na malumbano makali juu ya vizimba vya sokoni ambayo kusema kweli niliyafurahia.

Ikafika kata yetu. Diwani akasoma vizuri tu, kwa sauti. Kipengele cha ulinzi na usalama kikasomwa hivi: "Hali ya ulinzi na usalama katika kata ni shwari."

Maneno tisa. Nimeyahesabu.

Masikio yaliwaka moto. Wakati wa chai nikamvaa mtendaji mmoja, siyo wa kwetu, nikammwagia yote. Akanisikiliza akiwa na andazi mkononi, kisha akauliza kitu kimoja: "Kwenye muhtasari wenu hilo ni ajenda namba ngapi?" Sikuwa na jibu. Kumbe ule mkutano wetu koramu, yaani idadi ya watu inayotakiwa, haikutimia, kwa hiyo yale yalikuwa mazungumzo ya majirani. Hakuna muhtasari. Mtaa haukupeleka kitu kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kamati haikuwa na cha kumpa diwani. Diwani hakudanganya. Kwenye makaratasi, kweli sisi ni shwari.

Sasa wenzangu, aliyewahi kutoa jambo la usalama mtaani kwake likapanda ngazi mpaka likafanyiwa kazi, alipitaje?

---

Siti ya Mbele

Nimeshaweka kigoda. Tiririkeni.

---

Boda wa Usiku

Mkuu umeandika riwaya. Kibaka dawa yake inajulikana, tairi moja na kiberiti. Hayo ya muhtasari waachieni wenye suti.

---

Mgambo Mstaafu

Boda wa Usiku, kijana wangu, hayo maneno yafute kabla hayajasomwa na mtu asiyekufahamu. Nimekaa na watu waliofungwa kwa "kusaidia kumchoma mwizi". Mmoja aliyeuawa hakuwa mwizi, alikuwa amelewa, amekosea nyumba.

Na kwa faida ya wengine: sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe, ilianza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipokuwa umezidi. Ilipofika 1989 sheria ikaitambua ndani ya mambo ya mgambo, na sababu mojawapo ni kwamba watu walikuwa wakiumizwa. Ulinzi shirikishi wa leo ni mtoto wa mambo hayo pamoja na polisi jamii. Kazi ya mlinzi wa mtaa ni kukamata, kupiga filimbi na kumkabidhi mtu kituoni akiwa mzima. Hatozi faini, hachapi viboko. Siku anayoanza kutoza faini, mtaa wenu una vibaka wa aina mbili.

---

Karani wa Zamani

Mleta uzi, umefika mwenyewe kwenye jibu halafu ukalipita. Nimeandika mihtasari kwa miaka mingi, kwenye halmashauri nyingine, siyo ya hapa. Nisome taratibu.

Kwanza tuache kusema "jiji lituletee polisi". Jiji halina polisi. Jeshi la Polisi liko Wizara ya Mambo ya Ndani, amri inashuka kutoka kwa IGP (mkuu wa polisi wa nchi), kamanda wa mkoa, mkuu wa polisi wa wilaya, mpaka kwa yule mkaguzi aliyepangiwa kata yenu. Kamati ya usalama ya wilaya mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya, meya si mwenyekiti. Wale mgambo wa jiji mnaowaona wakikimbizana na wauza mahindi wako pale kwa sheria ndogo: usafi, biashara, ujenzi holela. Ukimpigia mgambo wa jiji saa nane usiku unamwonea.

Barabara nazo. Tangu 2017 ilipoanzishwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, barabara za mitaa na mifereji yake ni za TARURA. Hizo kubwa za kwenda Morogoro, Iringa na Singida ni TANROADS, wakala wa barabara kuu. Barua inayosema "tunaomba taa" bila kutaja barabara itazunguka ofisi tatu, kila moja itagonga muhuri wa "imepokelewa", na itafia kwenye faili la mwisho. Nimezika barua za namna hiyo kwa mikono yangu, Mungu anisamehe.

Sasa jiji lina nini? Lina mipangomiji. CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, ilivunjwa Mei 2017 na shughuli zake zikahamishiwa halmashauri, ikiwa bado manispaa. Hadhi ya jiji ikaja 26 Aprili 2018. Upimaji, michoro, vibali vya ujenzi, vyote vinapita hapo. Na kwenye hati ya kiwanja kuna sharti la kuendeleza, kwa kawaida miezi 36. Mwenye kiwanja akikiacha kuwa msitu, kuna mlango wa kumbishia. Majani na uchafu vina sheria ndogo za usafi, na mtu anaweza kupewa notisi.

Kwa hiyo usiandike "ulinzi". Ukiandika "ulinzi" kila ofisi itakwambia hiyo ni ya polisi, na haitakuwa imekosea. Andika: viwanja sita visivyoendelezwa na mapagale mawili, kitalu hiki, namba hizi, majani yamezidi, watu hawapiti. Hapo umeingia Kamati ya Mipangomiji na Mazingira kwa miguu yako mwenyewe. Kibaka humtaji kabisa. Ofisi haiwezi kukamata hofu yako, lakini majani inaweza kuyapima kwa rula.

La mwisho, kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Ukileta ombi la taa mwezi wa tano bajeti imeshapita, unaomba ya mwaka mwingine. Mambo ya mtaa yanatakiwa yawe yameshaandikwa kabla Krismasi haijafika.

---

Siti ya Mbele

Karani umenifanya nitafute hati ya kiwanja changu saa hizi. Wangapi mna miezi 36 imeisha? Msinyooshe mikono.

---

Ilazo Kwa Juu

Nimehamishiwa hapa na wizara 2019. Naona tunaongea mambo ya majani wakati miji mingine ina kamera. Makao makuu ya nchi, sheria imeshatungwa 2018 ya kuutambua mji huu, halafu tunajadili kufyeka? Waweke kamera kila kona, mwizi ajulikane.

---

Bibi wa Kikuyu

Mwanangu wa Ilazo, kamera itamwona mwizi akikimbia gizani, halafu?

Mimi nipo mji huu tangu uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa. Mpango wa kwanza wa makao makuu, ule wa 1976 walioandika Wakanada, ulimfikiria mtu wa miguu. Huku kwetu Kikuyu kulipangwa hivyo, mtu atoke kwake afike dukani na shuleni kwa njia ndogo, magari yapite pembeni. Hicho mnachokiita kichochoro sisi tulikiita njia. Ilikuwa na watu. Jioni wanawake wanachambua mlenda nje, wazee wanacheza bao, mtoto akichelewa anajulikana amechelewa wapi.

Sasa mmejenga kuta, juu mmepanda chupa zilizovunjika. Ukipita nje ya kuta hizo unasikia televisheni tu. Mtu akikabwa pale, nani atachungulia na ukuta una futi nane? Mimi vibaka siwaogopi kama ninavyoziogopa hizo kuta zenu.

---

Ilazo Kwa Juu

Bibi shikamoo. Ukuta wangu una futi saba.

---

Bibi wa Kikuyu

Marahaba. Chungulia basi.

---

Mwanachuo Chumba Namba Sita

Nimepanga mtaani huku upande wa chuo. Sisi wasichana hatusubiri baraza. Maktaba ikifungwa tunasubiriana getini tukifika wanane ndiyo tunaondoka, wa mbele na wa nyuma wanawasha tochi za simu, wa katikati wanazima kutunza chaji. Akipungua mmoja tunahesabiana. Tunaita "msafara". Watu wanadhani ni mchezo. Mwaka wa kwanza tulikuwa hatuna msafara, na sitaki kuandika kwa nini tukauanzisha.

Ninachoomba mleta uzi, kwenye hayo makaratasi yenu saa za kupita ziandikwe. Wanaume wanaandika "usiku". Kwangu mimi saa moja na nusu jioni ni usiku tayari, na saa kumi na moja ya huyo mama wa vitumbua nayo ni usiku.

---

Karani wa Zamani

Huyu binti anafaa kuwa katibu. Saa ziandikwe.

---

Mwenye Lenta

Habari wakuu. Naandika na aibu kidogo. Mimi niko Dar, nina kiwanja Dodoma, na nikisoma maelezo ya mleta uzi natamani lisiwe langu lakini lina dalili zote.

Nilinunua 2019. Kila mtu alikuwa anasema Dodoma, Dodoma, viwanja vitapanda. Nikakopa, nikanunua, nikapandisha boma. Fedha iliishia kwenye lenta. Ada za watoto, mama akaugua, saruji ikapanda. Huwa nakuja mara moja kwa mwaka, naliangalia, napiga picha, narudi. Mnatuita wamiliki wasiojali. Wengine tunajali ila hatuna mabati.

Miezi 36 ilipita siku nyingi, najua. Sikujua kama ndani yake watu wanakabwa. Naomba kuelekezwa, nikitaka kulipa mtu afyeke na kuziba milango nimpe nani bila kuliwa?

---

Boda wa Usiku

Mwenye Lenta hapo umenena kiume. Na mimi niseme la moyoni sasa, maana mwanzo nilikuja kwa hasira.

Mleta uzi, kama ni kichochoro ninachokijua, pale lami palikuwa na kijiwe chetu. Boda saba. Tulikaa mpaka daladala ya mwisho ishushe, saa nne, saa tano. Nani alikabwa wakati huo? Hakuna. Halafu majirani mkasema tunapiga kelele, tunavuta, muziki, tunawasumbua watoto wa watu. Mkaenda kusaini barua tuondolewe. Hiyo barua ilipata koramu haraka sana!

---

Mkazi wa Korongoni (mleta uzi)

Boda, ni kichochoro hichohicho. Na ile barua niliisaini.

---

Siti ya Mbele

Aisee.

---

Ilazo Kwa Juu

Lakini tuseme ukweli, kelele zilikuwepo. Na kuna boda wanaoshirikiana na hao hao vibaka, wanawapa taarifa nani ameshuka na nini.

---

Boda wa Usiku

Wapo. Kama ilivyo kwenye wizara yako.

---

Mgambo Mstaafu

Tusigombane. Niongeze la kitaalamu. Kijiwe kikisajiliwa kina orodha, kina viongozi, kila mtu na namba yake ya kizibao. Asiyejulikana hapakii pale. Mkaguzi wa kata akipewa orodha hiyo ana macho saba ya bure. Hivi ndivyo polisi jamii ilivyofikiriwa tangu enzi za IGP Mwema.

Na michango ya ulinzi msianze kabla ya kukubaliana nani anashika fedha. Nimeona mtaa unakusanya elfu mbili kila kaya, miezi minne safi, mwezi wa tano daftari limelowa mvua. Daftari huwa linalowa mwezi wenye hesabu mbaya.

---

Shangazi wa Vikoba

Hamjamuuliza mtu mmoja: mama wa vitumbua mtaji alipata wapi tena? Kuna mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 kwa ajili ya matatizo yake, ikarudi mwaka uliofuata. Ni kwa kikundi, riba haina. Aende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, akipata wenzake waaminifu. Nasisitiza waaminifu. Nimeshaachiwa deni la mtu aliyehamia Singida.

---

Mkazi wa Korongoni (mleta uzi)

Nashukuru sana. Nimeshauchapa ushauri wa Karani, nimempelekea mwenyekiti. Tuliyemchagua Novemba 2024, kijana tu, akausoma mara mbili na kusema, "Kumbe ndiyo hivi?" Hakuna aliyewahi kumfundisha. Tulimpa muhuri na kiti, tukaenda kulala.

Nitarudi na majibu.

---

Mkazi wa Korongoni (mleta uzi)

Wiki tatu baadaye. Wakuu nimerudi.

Koramu tuliipata kwa ujanja. Mwenyekiti alitaka mkutano ofisini Jumamosi asubuhi kama kawaida. Nikamwambia hapana, tuuweke pale pale kichochoroni, siku ya kazi, saa kumi na mbili jioni, kila mtu na kiti chake. Kila anayetoka kazini lazima apite pale, apende asipende. Walianza kusimama mmoja mmoja kuuliza kuna msiba gani. Wakipata jibu wanabaki, maana mbele ni giza na hakuna anayetaka kulivuka peke yake. Giza lenyewe ndilo lililotuitia watu. Mtendaji aliandika muhtasari kwenye goti, mtoto mmoja anammulikia kwa simu, na kila mtu alipotaka kusaini ilibidi aupitishe mkono juu ya mkaa wa mama anayechoma mahindi, ambaye naye alifuata umati.

Ajenda ya ulinzi haikuwepo. Ilikuwepo ajenda namba nne: viwanja sita visivyoendelezwa na mapagale mawili. Namba za viwanja tulizipata kwenye bikoni, yale mawe ya mipaka, vijana waliingia na panga kuzitafuta, mbili hazikuonekana kabisa. Ajenda namba tano, kijiwe cha bodaboda kirudi. Hapo palichafuka. Mzee mmoja alisema hawezi kulala na honi. Mama wa vitumbua akanyanyuka, huwa hasemi kitu huyu, akasema: "Mzee, mimi honi nazitaka." Akakaa. Ikapita. Masharti: muziki mwisho saa mbili, orodha ipelekwe kwa mkaguzi wa kata, vizibao vyenye namba.

Saa tuliandika kama alivyosema Mwanachuo: saa moja jioni hadi saa tano usiku, saa kumi hadi kumi na mbili alfajiri.

---

Karani wa Zamani

Umegonga nakala ngapi?

---

Mkazi wa Korongoni (mleta uzi)

Nne. Moja ya mtaa, moja mtendaji wa kata, moja ya diwani, moja niliyobaki nayo ina muhuri wa "imepokelewa" na tarehe.

---

Karani wa Zamani

Hiyo ya nne usimpe mtu.

---

Mwenye Lenta

Tumewasiliana pembeni na mleta uzi. Ni langu.

Nimetuma elfu sitini ya kufyeka na tofali za kuziba milango miwili na dirisha la nyuma. Aliyezibwa nje ni mimi mwenyewe, nikija nitaingilia juu kama paka.

---

Mkazi wa Korongoni (mleta uzi)

Mwezi na kidogo umepita. Niwape hali ilivyo, bila kupamba.

Kamati ya kata ilikaa, jambo letu likapita. Maafisa wa mipangomiji na afya walikuja na pikipiki, wakapiga picha, wakabandika notisi kwenye kuta za mapagale. Ile ya pagale la mnyaa ipo mpaka leo, imeanza kupauka, mwenyewe hajulikani. Viwanja vinne vimefyekwa, viwili bado. Kufyeka walifyeka boda wenyewe kwa hela ya Mwenye Lenta na changa changa yetu kidogo.

Ndani ya lile la lenta tulikuta godoro la sponji lililokatwa nusu, sufuria, na daftari la hesabu la darasa la nne. Tulikuwa tumejiandaa kumkamata jambazi. Jioni akaja mwenye daftari, ana miaka kumi na mmoja labda, anabeba mizigo ya watu sokoni na kulala humo. Si yeye aliyemkaba mtu, mama wa vitumbua mwenyewe alisema wale walikuwa wanaume wazima. Boda walitaka kumfukuza. Mgambo Mstaafu, nilikukumbuka. Yuko kwa afisa ustawi wa jamii wa kata sasa, wanatafuta kwao, anasema ni Kondoa. Kama tungeziba milango usiku bila kuchungulia sijui ingekuwaje, na hili limeninyima usingizi kuliko kibaka.

Taa haijaja. Imeandikwa kwenye mapendekezo ya bajeti ijayo, kwa jina la barabara kama tulivyofundishwa. Karani amenikataza kusherehekea.

Mkutano wa baraza wa robo hii nilikwenda tena. Nikakaa kiti kilekile. Diwani alipofika kwenye ulinzi na usalama akasoma sentensi tatu, mojawapo ya viwanja visivyoendelezwa. Diwani wa kata nyingine akasimama kuunga mkono, akasema kwake viko zaidi ya mia, halafu mwingine naye, na mwingine. Kumbe kila mtu anacho kichochoro. Mji uliokuwa na watu 410,956 kwenye sensa ya 2012 ukafika 765,179 mwaka 2022, watu wameongezeka kuliko nyumba zilizoezekwa. Wakaagiza idara ilete orodha ya viwanja vilivyokaa bila kuendelezwa.

---

Bibi wa Kikuyu

Orodha itakuwa ndefu. Wazee wetu wanasema tembo alizama hapa, "idodomya", ndiyo jina la mji. Na orodha nayo isije ikadidimia.

---

Ilazo Kwa Juu

Naomba radhi kwa Boda wa Usiku kwa maneno ya kule juu. Na nimehudhuria mkutano wa mtaa wangu kwa mara ya kwanza tangu nihamie. Tulikuwa kumi na moja. Nimechaguliwa mjumbe kwa sababu nilichelewa kuondoka.

---

Siti ya Mbele

Na mama wa vitumbua anaendeleaje? Bado anapita pale alfajiri?

---

Mkazi wa Korongoni (mleta uzi)

Anapita, lakini kwa boda siku hizi. Kijiwe kinamvusha kila siku saa kumi na nusu, hatoi nauli, anamlipa aliye zamu kwa vitumbua vinne.

---

Boda wa Usiku

Vitano. Usinipunje mbele za watu.